Kubuni pistoni nyepesi: mwongozo kamili, kuanzia mizani hadi barabarani

Pistoni nyepesi haiingizi petroli zaidi kwenye silinda, kwa hiyo peke yake haiongezi nguvu za injini. Kazi yake ni kupunguza mzigo unaobebwa na konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na kranki), beringi na kranki yenyewe (mhimili unaozunguka) kila pistoni inapofika kileleni, ikasimama na kulazimishwa kurudi. Mzigo huo ukipungua, injini inaweza kuzunguka kasi zaidi bila kuvunjika, au ikazunguka kasi ileile na kudumu zaidi. Kabla hujagusa chuma, jiulize injini yako inazunguka kasi kiasi gani, na kwa muda gani.

Nitatumia pistoni ya Bajaj Boxer 150 kama ya kujifunzia. Sababu ni ya mfukoni: kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, inapatikana kila siku, na ukiiharibu hujafilisika. Kipenyo cha silinda yake ni 56 mm, safari ya pistoni 58.8 mm, ujazo sentimita za ujazo 144.8. Hesabu hizihizi utazihamishia kwenye pikipiki ya motokrosi au kwenye Subaru ya rali.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1913 W. O. Bentley, aliyekuja kuanzisha kampuni ya magari ya Bentley, wakati akiuza magari ya DFP ya Ufaransa huko London, aliagiza pistoni za alumini zilizochanganywa na shaba, badala ya chuma cha kusubu kilichozoeleka. Injini ikakubali kuzunguka kasi zaidi na kubana zaidi. Kinachobaki kwetu leo ni kutafuta gramu ndani ya alumini yenyewe, na hapo ndipo watu wengi hukata pasipotakiwa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya thamani ya gramu moja

Nguvu inayohitajika kuisimamisha pistoni kileleni hupatikana hivi: uzito wa vitu vinavyopanda na kushuka, mara nusu ya safari, mara kasi ya kranki kwa radiani ikizidishwa yenyewe, mara jumla hii: 1 kuongeza uwiano wa nusu ya safari kwa urefu wa konrodi.

Kwa Boxer 150 nusu ya safari ni 0.0294 m. Kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, kranki inakwenda radiani 785 kwa sekunde. Nikichukua konrodi ya 105 mm kutoka kitovu hadi kitovu (pima yako, usinichukulie neno), uwiano ni 0.28. Mchapuko unakuwa kama mita 23,200 kwa sekunde kwa sekunde, zaidi ya mara 2,300 ya mvuto wa dunia. Kila gramu ya pistoni, basi, inavuta konrodi kwa nyutoni 23, sawa na kuning'iniza kitu cha kilo mbili na ushee. Ukiondoa gramu 20 umeiondolea konrodi nyutoni 464.

Kwenye Subaru EJ20, yenye safari ya 75 mm na konrodi ya 130.5 mm, gramu moja kwa mizunguko hiyohiyo ina thamani ya karibu nyutoni 30.

Sasa shusha mizunguko. Nguvu hii hufuata kasi ikizidishwa yenyewe, kwa hiyo kwa mizunguko 4,000 gramu ileile inavuta nyutoni 6.6 tu. Pistoni kamili ya gramu 142, pamoja na ringi na pini (kijiti cha chuma kinachoifunga kwenye konrodi), inavuta chini ya nyutoni 950. Wakati huohuo gesi inayowaka, tukichukua shinikizo la baa 60, inaisukuma chini kwa nyutoni 14,800 hivi. Boda inayopanda milima ya Kabale na mikungu mitatu ya matoke nyuma inaishi kwenye mizunguko hiyo ya chini. Mzigo wake ni gesi na joto, na pistoni nyembamba itaiumiza. Mwenye boda akikuomba pistoni nyepesi, mshauri anunue pistoni nzuri ya kawaida, chujio jipya la hewa na oili ya kweli. Utapoteza kazi moja lakini hutapoteza mteja.

Anayehitaji pistoni nyepesi ni yule anayekaa juu ya mizunguko 8,000 kwa muda mrefu. Kwake mvuto mbaya zaidi hutokea mwisho wa kutoa moshi: pistoni iko kileleni, valvu ziko wazi, hakuna gesi ya kuisukuma chini, na konrodi inavutwa peke yake. Kwenye gari mvuto huo huangukia bolti za konrodi. Kranki ya Boxer imeshindiliwa na haina bolti hizo, ila beringi ya chini ya konrodi na pini ya kranki inayoibeba hazikwepi.

Hatua ya 2: Pima kila kipande peke yake

Tafuta mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.1. Zile ndogo wanazotumia wanunuzi wa dhahabu kule Tiira, Busia, zinatosha kabisa. Pima pistoni tupu, pini, ringi zote na klipu mbili zinazozuia pini isitoke, kila kimoja kwa zamu yake, kisha andika.

Halafu kichwa kidogo cha konrodi, kwa sababu nacho hupanda na kushuka. Egemeza kichwa kikubwa kwenye kitu kisichosogea, weka kichwa kidogo juu ya mizani, na hakikisha konrodi imelala sawasawa kabisa. Ikiinama kidogo tu, jibu limeharibika.

Kwa mfano wetu nitachukua namba hizi: pistoni tupu gramu 100, pini 32, ringi na klipu 10, kichwa kidogo cha konrodi 50. Jumla ni 192.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama pistoni tayari ni nyepesi au ni jiwe. Gawanya uzito wa pistoni tupu kwa kipenyo chake cha sentimita kilichozidishwa chenyewe mara tatu (5.6 × 5.6 × 5.6). Pistoni za magari madogo ya petroli huangukia kati ya 0.4 na 0.6. Yetu: 100 gawanya kwa 175.6, ni 0.57. Nafasi ipo, ingawa si kubwa. Mizani hiyohiyo itakusaidia pia ukiwa Kisekka. Pistoni mbili zenye boksi moja na namba moja zikitofautiana gramu kadhaa, moja wapo haikutoka kiwandani ilipoandikwa.

Hatua ya 3: Anza na pini

Hapa ndipo penye mali. Pini ni ya feleji, laini ndani na ngumu kwenye ngozi, yenye uzito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, na wengi hawaitazami kwa kuwa imejificha.

Pini yetu ina kipenyo cha nje 14 mm, tundu la 9 mm na urefu wa 45 mm, ndiyo maana inafika gramu 32. Kishawishi cha kwanza ni kupanua tundu lote hadi 10 mm. Utaokoa gramu 5.3, na mkazo wa kupinda utapanda kwa asilimia 12 tu, jambo linaloonekana dogo. Tatizo liko kwingine. Ukuta umeshuka kutoka 2.5 mm hadi 2 mm, na uwezo wa pini kukataa kubonyea kuwa yai umepungua kwa karibu nusu. Pini inayobonyea hupasua masikio ya pistoni (sehemu zinazoshika ncha za pini) kutoka ndani, na ufa huo huuoni mpaka siku taji, yaani uso wa juu wa pistoni, linapobaki juu na konrodi inapotoka kando ya bloki.

Njia bora ni mbili, na hufanya kazi pamoja. Ya kwanza ni kuifupisha pini. Kutoka 45 mm hadi 39 mm unaokoa gramu 4.3, na kwa vile masikio yamesogea ndani karibu na konrodi, pini inapinda kidogo kuliko mwanzo. Ni nadra katika kazi hii kupunguza uzito na mkazo kwa pigo moja. Ya pili ni kutanua tundu kwenye ncha tu, kama faneli: kutoka 9 mm hadi 11 mm kwa urefu wa 12 mm kila upande. Kwenye ncha mkazo wa kupinda ni mdogo, hivyo chuma cha pale hakina kazi kubwa. Hapo unapata karibu gramu 3 nyingine. Jumla ni gramu 7, na katikati ya pini, panapoumia zaidi, hujapagusa.

Pini fupi inahitaji pistoni iliyobuniwa upya, kwa sababu mifereji ya klipu lazima isogee ndani. Ukiifupisha na kuiweka kwenye pistoni ya zamani itacheza kushoto na kulia, ipige klipu hadi iitoe, kisha ichimbe silinda. Na usikate pini kwa grinda ya mkono. Ukiona rangi ya bluu, ugumu wa ngozi yake umekwenda.

Angalia na upana wa masikio. Kila sikio likiwa 11 mm, nyutoni 14,800 zinagawanywa kwa eneo la mara mbili ya 11 mara 14, unapata megapaskali 48. Alumini ikiwa ya moto, mimi sivuki 60. Kumbe ukichagua pini fupi huwezi tena kupunguza kipenyo chake ovyo. Utarudi kwenye hesabu hii kila ukibadilisha namba moja.

Hatua ya 4: Leta pini karibu na taji

Umbali kutoka kitovu cha pini hadi juu ya taji ndio unaoamua urefu wa pistoni nzima. Kwa injini za petroli umbali huo mara nyingi ni kati ya asilimia 30 na 45 ya kipenyo. Ukiufupisha, pistoni inakuwa fupi na nyepesi, lakini konrodi lazima irefuke kwa kiasi hichohicho, maana nusu ya safari, konrodi na umbali huo vikijumlishwa lazima vifike palepale juu ya silinda. Konrodi ndefu ina uzito wake, ila si uzito huo wote unaopanda na kushuka.

Kinachozuia ni ringi. Mfereji wa ringi ya oili hauwezi kulala juu ya tundu la pini bila kuweka kipande cha kuushikilia. Watu wa mashindano hutumia ringi nyembamba, wengine hubakiza mbili tu. Kwa barabara zetu za murramu siwashauri. Vumbi jekundu linalopenya kwenye chujio lililochoka humaliza ringi nyembamba haraka, na oili huanza kuungua. Bakiza tatu.

Hatua ya 5: Taji liachwe

Fundi akisikia "punguza uzito wa pistoni" huigeuza, akatazama chini ya taji na kuona alumini nyingi imekaa tu. Haijakaa tu. Inabeba shinikizo lote na kupeleka joto kwenye ringi.

Hesabu ni hii. Chukua sehemu ya taji isiyoegemea popote kuwa duara la 40 mm, unene 5 mm, shinikizo megapaskali 6 (ndizo baa 60 za Hatua ya 1). Mkazo ukingoni hukadiriwa kwa 0.75 mara shinikizo, mara nusu kipenyo kilichozidishwa chenyewe, gawanya kwa unene uliozidishwa wenyewe: megapaskali 72. Kwangua milimita moja ibaki 4 mm, mkazo unaruka hadi 112, yaani asilimia 56 zaidi. Na umeokoa nini? Gramu 3.4. Linganisha na faneli za pini zilizokupa karibu kiasi hicho bure.

Joto nalo linazidisha shari. Taji la injini ya petroli hufanya kazi kati ya nyuzi 250 na 350 hivi, na aloi za alumini zilizokaa muda mrefu kwenye nyuzi 250 zimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake za kawaida. Petroli ikiwa imechakachuliwa na injini ikaanza kulipuka kabla ya wakati wake, taji la 4 mm lina akiba ndogo kuliko la 5 mm.

Kanuni ninayoifuata ni unene wa asilimia 7 hadi 10 ya kipenyo. Kama kuna mabonde ya valvu, unene unapimwa chini ya bonde lililo refu kuliko yote. Mviringo unaounganisha taji na masikio uache mkubwa, 3 mm au zaidi. Kona kali hapo ndiyo mwanzo wa ufa.

Hatua ya 6: Sketi na ubavu

Baada ya pini, gramu nyingi ziko ubavuni, upande unaotazamana na ncha za pini. Pistoni haisukumwi upande huo. Nguvu ya pembeni inakuja kwenye pande mbili zilizo wima kwa pini, kwa hiyo sketi (ukuta wa chini wa pistoni unaoteleza kwenye silinda) inahitajika hapo tu. Ondoa ukuta wa ubavu, ingiza kuta mbili ndani zishike masikio, na pistoni itazamwe kutoka chini ionekane kama sanduku. Kwa pistoni ya 56 mm lengo la gramu 13 kutoka hapa si la tamaa.

Usiifanye sketi fupi kupita kiasi. Pistoni yenye sketi fupi huyumba, hupiga silinda injini ikiwa baridi, na ringi hazikai sawa. Na kumbuka sketi si duara wala si bomba. Ni yai, kipenyo cha upande wa pini kikiwa kidogo kwa sehemu za kumi za milimita, na ina tumbo kidogo kutoka juu kwenda chini. Ukiiweka kwenye leithi na kuikereza iwe duara kamili, umeiua. Sketi usiikate upande wa nje kabisa. Chonga ndani.

Hatua ya 7: Chora, kisha ijaribu kwenye kompyuta

FreeCAD ni programu ya bure, na sehemu yake ya uchambuzi hutumia CalculiX, nayo ya bure. Kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo au Makerere inatosha kwa pistoni moja. Chora nusu au robo ya pistoni ili kupunguza mzigo wa hesabu.

Fanya majaribio mawili tofauti. La kwanza: shinikizo la gesi juu ya taji, pini ikiwa imeshikilia, joto likiwa nyuzi 300 juu na 150 kwenye sketi. La pili: hakuna gesi, pistoni inavutwa na mchapuko wa Hatua ya 1 kwa mizunguko ya juu kabisa utakayoruhusu, ongeza asilimia 10 kwa dereva atakayekosea gia. Mkazo linganisha na nguvu ya aloi ikiwa moto. Namba zilizo kwenye jedwali la kawaida ni za chumba chenye ubaridi, na wengi huzichukua hizo. Tazama zaidi mviringo juu ya masikio na ukingo wa mfereji wa ringi ya oili, hasa kwenye matundu ya kurudisha oili.

Hatua ya 8: Aloi, na nani atengeneze

Kwa pistoni za kufua, yaani zilizoshindiliwa umbo badala ya kusubiwa, kuna aloi mbili zinazotawala. 4032 ina silikoni karibu asilimia 12. Haitanuki sana, kwa hiyo nafasi kati yake na silinda huwa ndogo na injini haipigi kelele asubuhi. 2618 ina silikoni kidogo sana; ni ngumu kupasuka, huvumilia mapigo, lakini hutanuka zaidi. Kwa kipenyo cha 56 mm na ongezeko la nyuzi 125, tofauti kati yao ni 0.02 mm. Inaonekana si kitu, ila kwenye nafasi inayohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita inatosha kuifanya pistoni ikamate silinda. Kwa injini ya mashindano inayofunguliwa mara kwa mara, chagua 2618. Kwa inayotumika kila siku, 4032.

Mafundi wa Katwe, Kampala, wanasubu sufuria nzuri, na wapo wenye mkono wa ajabu. Lakini mabaki ya alumini yaliyoyeyushwa pamoja hayana aloi inayojulikana, yana vitundu vya hewa ndani, na hayajapitia tanuri la kuyakomaza. Umbo la majaribio la kushika mkononi waagize kwao. Pistoni ya kuwashia injini, hapana.

Zimebaki njia mbili. Unaweza kutuma mchoro kwa watengenezaji wa oda kama Wiseco, JE au CP-Carrillo. Watakuuliza kipenyo, safari, urefu wa konrodi, umbo la hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na mizunguko, yaani majibu uliyokwisha kuyapata hapo juu. Au unaanza na pistoni ya kufua iliyo tayari, ukachonga ubavu na ndani ya sketi kwenye mashine ya milingi. Kwa njia hii ya pili fanya kazi taratibu, bila kuipasha moto, pima uzito kila baada ya kukata, na mwisho lainisha kila ukingo kwa msasa mwembamba.

Hatua ya 9: Kranki lazima ijue

Injini ya silinda moja haibalansi yenyewe. Vizito vya kranki vimewekwa vifidie sehemu tu ya uzito unaopanda na kushuka. Tuseme yetu ilifidia asilimia 50: nusu ya gramu 192, yaani 96. Umeondoa gramu 20, uzito sasa ni 172, ila vizito bado ni vilevile. Fidia imepanda hadi asilimia 56 bila wewe kuamua. Mtetemo wa juu na chini unapungua, wa mbele na nyuma unaongezeka, na dereva atakuambia usukani umeanza kumtia ganzi mikononi wakati wewe unajua umeboresha injini.

Dawa ni kutoboa vizito vya kranki mpaka fidia irudi ilipokuwa, kazi ya fundi mwenye mashine na subira. Kwa mabadiliko ya gramu tano au sita mimi ningeijaribu kwanza kabla ya kutoboa. Kwenye silinda nne za mstari kranki haihitaji kuguswa, mradi pistoni zote nne, kila moja na pini yake, zisipishane zaidi ya gramu moja. Zito ndiyo ipunguzwe kufikia nyepesi.

Hatua ya 10: Kufunga na kukagua

Nafasi ya silinda ipimwe kwa maikrometa mahali alipoelekeza mtengenezaji, kwa kawaida wima kwa pini na juu kidogo ya mwisho wa sketi. Ukipima kwingine unapima yai. Klipu ziwe mpya, uwazi wake uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Kabla ya kufunga hedi kwa mara ya mwisho, weka udongo wa kuchezea wa watoto juu ya taji, rudisha hedi na valvu zake kwa muda, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili, fungua na ukate udongo uone valvu zinapita umbali gani.

Washa, iache ipate joto, kisha iendeshe kwa mzigo unaopanda na kushuka bila kuikaza kwa kasi moja. Baada ya saa chache za kwanza, fungua. Alama za kung'aa kwenye sketi ziwe katikati ya pande mbili za msukumo. Zikiwa kwenye pembe nne karibu na masikio, pistoni imetanuka kuliko ulivyopanga, na nafasi iongezwe. Osha pistoni, paka rangi nyekundu ya kupenya kwenye masikio na mviringo wa ndani, futa, kisha nyunyizia poda nyeupe. Mstari mwekundu ukitokea juu ya tundu la pini, pistoni hiyo na pini yake zitupwe zote mbili, na urudi kwenye mchoro uongeze mviringo wa hapo kabla ya kuagiza nyingine.